Karatasi Iliyokunjwa Mara Mbili

Duka langu la fotokopi liko chini ya ngazi, mlango wa pili ukiingia jengo la ofisi. Mtu akitaka kujua mambo ya jengo hili asihangaike kwa wakubwa, aje kwangu. Si kwamba mimi ni mbeya. Mashine inatoa karatasi uso juu, na macho hayana pazia. Wananiita Mama Kopi, hata mume wangu ananiita hivyo akiwa na njaa.

Nataka nieleze habari za Bi Nukta, kwa sababu watu wa hapa wanazieleza vibaya. Wengine wanasema aligombana na mashine. Wengine wanasema msiba ulimchanganya. Hawajui kitu, wanapiga soga tu.

Bi Nukta ni msuluhishi wa familia. Ofisi yake iko juu ya kichwa changu kabisa, akisukuma kiti nasikia. Miaka kumi na tisa wanapanda kwake waliokosana: mume na mke, ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu, baba na mama wanaovutana mtoto. Wanapanda wamenuna, wanashuka wamenuna, ila wakishuka wana karatasi. Jina la Nukta alipewa kwa tabia yake. Alikuwa anaandika kwa mkono, neno kwa neno, kwenye daftari kubwa la mistari. Akimaliza anawasomea wote, kisha anamgeukia mmoja mmoja: "Haya ni maneno yako?" Mtu akijibu kwamba ni maneno yake, ndipo anaweka nukta, anaikandamiza kalamu mpaka inatoboa karatasi. Asiporidhika haweki. Kuna makubaliano yalikaa wiki tatu bila nukta kwa sababu ya mwanamume mmoja aliyejibu "ndiyo" huku anaangalia dirishani.

Na mtu akiulizwa akanyamaza, Bi Nukta alikuwa anachora mstari mfupi mahali pa jibu. Nimetoa nakala za kurasa hizo, nazijua. Nyingine mistari ni mingi kuliko maneno.

Sasa, mimi na yeye tulikuwa na jambo letu. Ukiwaketisha pamoja watu wanaoheshimiana sana, au wanaoogopana, mmoja atasema na mwingine atameza. Mke mbele ya mume, mdogo mbele ya kaka mkubwa, mama mkwe mbele ya mkwe wake. Kwa hiyo katikati ya kikao Bi Nukta anamgeukia yule mwenye maneno mengi: "Samahani, faili lako halina nakala ya kitambulisho. Shuka hapo chini kwa Mama Kopi." Anampa na kikaratasi cha kuniletea. Kikija kimekunjwa mara moja, natoa nakala na mtu anapanda zake. Kikija kimekunjwa mara mbili, maana yake ni mcheleweshe.

Basi nitamchelewesha. Karatasi imekwama. Mashine haijapata moto. Nafungua mlango wa nyuma, napuliza vumbi ambalo halipo. "Vumilia kidogo baba, hii mashine nayo ina kisirani." Dakika kumi, kumi na tano. Huko juu aliyebaki anafunguka, anasema yaliyomkaa moyoni. Miaka yote hiyo hakuna aliyenishtukia. Mmoja tu aliniambia mashine yangu ni kopo bovu, nikamwambia ahsante.

Mwishoni mwa mwaka jana mdogo wake Bi Nukta akafariki. Alikuwa mwalimu, na ndiye ndugu pekee aliyekuwa amebaki. Waliishi nyumba moja, wawili tu, vyumba vyao vinatazamana. Aliugua siku nne. Bi Nukta alirudi kazini baada ya siku kumi, nguo zimepigwa pasi, akapanda ngazi kama kawaida. Nikamwambia pole. Akajibu, "Sawa." Nikamuuliza kama anakula. "Sawa." Kama analala. "Sawa." Nikaona huyu mtu yupo lakini hayupo. Hakulia hata siku moja, na mimi, nasema kweli, nilimkasirikia kwa hilo. Mimi nisiye ndugu nilikuwa nimelia mpaka macho yamevimba, yeye ananiangalia kama mtu anayengoja lifti.

Kulikuwa na cheti cha kifo. Kilihitaji nakala tatu kwa ajili ya mambo ya marehemu, shuleni kwake na kwingineko. Kila nikimwona namkumbusha: "Kilete nikutolee." Ananijibu, "Sawa, nitaleta." Wiki zikapita, miezi ikapita. Hakukileta.

Kisha mkono wake wa kulia ukafa ganzi. Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa hapa kwenye kifundo cha mkono, kwa kuandika miaka yote hiyo, aupumzishe. Alinieleza hayo kama anayesoma tangazo ukutani. "Hauniumi," akasema. "Siusikii tu."

Ndipo mkuu wa ofisi akamletea kile kidude. Ukubwa wake ni kama kifungo cha koti, cheusi, kinabanwa kifuani, kina kitaa cha kijani. Ni kinasa sauti chenye akili bandia. Watu wanaongea, chenyewe kinasikiliza, na kikao kikiisha kinatuma muhtasari ulioandikwa vizuri: nani kasema nini, nini kimekubaliwa, hatua zinazofuata. Mimi nilikiita kunguni, kwa sababu anakaa kwenye nguo za mtu na kunywa. Mkuu hakucheka. Alisema sasa vikao vitakwenda kwa nusu ya muda, na hakusema uongo. Vitambulisho navyo vikaanza kupigwa picha kwa simu hukohuko juu. Hakuna aliyeshuka tena kwangu na kikaratasi, kiwe kimekunjwa mara moja au mara mbili. Nikabakiwa na kuchapisha tu: muhtasari unaingia kwenye kompyuta yangu, natoa nakala tatu, nazipandisha na kikapu cha kamba kinachoning'inia kwenye ngazi, wanasaini, muhuri, kwaheri.

Tuseme ukweli, mihtasari ya kunguni ilikuwa mizuri. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mkuu mwenyewe. Ila ile mistari mifupi haikuwemo. Na Bi Nukta hakuwasomea watu tena, maana awasomee nini wakati kila mmoja anapewa nakala yake? Nilikuwa nasikia kiti chake hakisogei kutwa nzima.

Jumatano moja akaja mama mmoja mtu mzima, miaka sabini hivi, na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi ya shule. Nyuma yake mwanamume mwenye ovaroli la buluu, fundi friji, anamshika mkono kwenye kila kidaraja cha ngazi. Huyo ni mkwe wake. Binti wa huyu mama aliolewa na fundi, akafariki akaacha mtoto wa kike wa miezi minne. Bibi akamchukua mjukuu, akamlea mpaka sasa ana miaka minane. Baba alikuwa akifanya kazi mbali, anakuja mara moja kwa mwezi. Sasa amerudi, ameoa, anamtaka mwanawe. Haki yake, hakuna anayebisha. Akaona waje waandikishane mambo yawe sawasawa.

Walikaa juu dakika ishirini. Muhtasari ukaingia, nikauchapisha. Ulikuwa unasema: *Pande zote mbili zimekubaliana kwamba mtoto ahamie kwa baba yake Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Bibi hana pingamizi. Hatua zinazofuata: baba afuatilie uhamisho wa shule, bibi aandae nguo na vitabu.* Nakala tatu, nikazitia kwenye kikapu. Sikusikia kitu moyoni. Nimechapisha talaka ngapi, nimechapisha wosia ngapi. Ukizoea harufu ya wino huisikii tena.

Fundi akashuka, akaaga kwa heshima, akawahi kazini. Bibi akashuka taratibu, akakaa kwenye benchi langu. Nikadhani anapumzisha miguu. Saa nzima ikapita, mfuko uko mapajani.

"Mama, unamngoja mtu?" nikamuuliza.

"Nisomee hii, mwanangu. Macho yangu na herufi ndogo hatupatani."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye *Bibi hana pingamizi* akaniinulia mkono niishie hapo.

"Nani kasema hivyo?"

"Imeandikwa ni wewe, mama."

"Mimi sikusema kitu."

"Lakini hukukataa."

Akaniangalia kama anayeshangaa nimelelewa wapi. "Yule ni mkwe wangu. Nimkatalie mtu mzima usoni, mbele ya mgeni? Jirani yangu alikuja hapa zamani, na mambo yake na shemeji zake. Aliniambia, usiwe na wasiwasi, yule bibie ana utu, atamtoa mkwe wako nje, ndipo useme yako. Basi nikawa nangoja atolewe. Nikangoja. Hakutolewa. Wakaniletea wino, nikaweka dole gumba." Akatazama kidole, bado kilikuwa cha buluu. "Mtoto mwenyewe hajawahi kulala kwa baba yake hata siku moja. Hajui choo kiko upande gani. Jumamosi hiyo hapo, inabisha hodi."

Mimi nina magoti mabovu, ngazi zile nilikuwa sijazipanda mwaka mzima. Siku ile nilizipanda kwa hasira, sikumbuki hata kushika ukuta.

Bi Nukta alikuwa amekaa, mikono juu ya meza, kitaa cha kijani kifuani.

"Karatasi yangu ya leo iko wapi?" nikamwambia.

"Karatasi gani?"

"Ya kukunjwa."

"Haihitajiki tena, Mama Kopi. Vitambulisho tunapiga picha."

"Kwani mimi na wewe tulikuwa tunatafuta vitambulisho?" Nikamweleza habari ya bibi na jirani yake, na jinsi alivyokaa hapo akingoja mkwe wake atolewe nje. Nilisema mengine pia ambayo hayaandikiki. Hakunikatisha. Nilipoishiwa na pumzi akachukua simu, akafungua sauti yenyewe ya kikao. Kumbe kunguni anaitunza yote, ni muhtasari tu ndio unaoruka kimya.

Tukasikiliza. Fundi anaeleza, sauti ya upole: "Mama hana shida, tulishaongea nyumbani." Bi Nukta anaitikia, "Sawa." Fundi anaendelea. "Sawa." Fundi anataja Jumamosi. "Sawa, sawa." Kisha sauti ya Bi Nukta inauliza, "Na wewe mama, unasemaje?"

Feni. Mfuko wa plastiki unakunjwakunjwa. Pikipiki inapita nje mpaka inaishia mbali. Feni tena. Halafu sauti ya mwanamke, ya chini, imechoka: "Sawa."

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Mara ya tatu akaiweka simu mezani. Kwenye muhtasari hiyo *sawa* ndiyo iliyogeuka kuwa *Bibi hana pingamizi*.

"Ni mimi," akasema. "Hiyo sawa ni yangu."

"Najua," nikamwambia. "Mimi naisikia mwezi wa saba sasa."

Uso wake haukubadilika. Nilitamani ubadilike, hata anifukuze. Alichofanya ni kumpigia simu fundi hapohapo, kwa sauti ileile ya tangazo la ukutani: kuna nakala ya kitambulisho haimo kwenye faili, aje Ijumaa saa tatu, yeye na mama mkwe. Mkuu wa ofisi alisikia, akaja mlangoni kusema shauri hilo limeshafungwa kwenye mfumo. Bi Nukta akamjibu kwamba nukta ni yake, na yeye hajaiweka. Mimi nikashuka zangu nikamwambie bibi aende nyumbani, asifungashe nguo kwanza.

Ijumaa wakaja. Hazikupita dakika tano fundi akashuka na kitambulisho chake na kikaratasi. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, mikunjo imepinda kama ya mtoto wa chekechea, kwa sababu Bi Nukta alikunja kwa mkono wa kushoto. Nikakishika nikajikuta nimefurahi, nikajizuia.

"Ah, pole baba, karatasi imekwama," nikasema, nikafungua mlango wa nyuma wa mashine.

Nilisahau jambo moja. Miaka yote nimewachelewesha makarani, walimu, wauza nguo. Sijawahi kumchelewesha fundi.

"Hebu nione, mama," akasema, na bisibisi imeshatoka mfukoni. "Friji na hizi ni ndugu." Kabla sijapata la kusema ameshapiga goti, ametoa mfuniko wa ubavuni, amechungulia na tochi ya simu. Akazungusha kigurudumu kimoja, kikazunguka vizuri. Cha pili, vizuri. Akageuka akaniangalia, goti bado liko chini.

"Hapa hakuna kilichokwama."

Nikajifanya napanga karatasi kwenye kaunta.

"Nimetolewa nje," akasema. "Siyo?"

"Baba, kaa kwenye benchi."

Hakukaa. Alibaki pale chini, bisibisi mkononi. "Kwa hiyo hataki," akasema baadaye. "Mama hataki."

"Sijui anachotaka. Ndiyo anaulizwa sasa hivi."

"Miaka minane nikienda pale ananiambia karibu mwanangu, sawa mwanangu, kama ulivyosema mwanangu. Sijawahi kumsikia akinikatalia hata chumvi. Nilidhani ananipenda." Akaigeuzageuza bisibisi. "Nimemnunulia mtoto kitanda. Cha chuma, cha rangi ya waridi."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mtu, na chuki ikanipotea. Nikamwambia labda anakupenda, ndiyo maana hawezi kukukatalia, nenda kajue wewe. Akaanza kurudishia mfuniko. Una skrubu nne tu. Akaifunga ya kwanza, akaifungua, akaifuta kwenye ovaroli, akaifunga tena. Akahamia ya pili vilevile. Mpaka anamaliza ya nne zilikuwa zimepita dakika ishirini na kitu, mimi mwenyewe nisingeweza kuzifikisha. Ndipo akaniomba nakala yake, akapanda.

Makubaliano mapya yalishuka kwenye kikapu yakiwa yameandikwa kwa mkono, mkono wa kushoto, herufi zimelalia upande mmoja. Nilisoma, sifichi. Juu kabisa, chini ya jina la bibi, kulikuwa na mstari mfupi, na mwingine, na mwingine. Mitatu. Kisha maneno: *Simnyimi baba mtoto wake. Naomba aende anapajua, asiende anapelekwa.* Mtoto angebaki kwa bibi hadi shule zifungwe mwisho wa mwaka, na kila Jumamosi baba amchukue akalale kwenye kitanda chake kipya, Jumapili amrudishe. Na akishahamia, iwe vivyo hivyo kwa bibi. Chini ya jina la fundi nako kulikuwa na mstari mmoja mfupi, halafu: *Ni maneno yangu pia.* Na nukta imetoboa karatasi.

Walishuka pamoja. Bibi alisimama mbele ya kaunta, akamwambia mkwe wake bila kumtazama, "Jumamosi usije saa nne, ni mapema mno. Njoo saa sita." Fundi akasema haya mama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumpangia.

Kunguni hakutupwa, kama wanavyosema watu. Bado yuko kifuani kwa Bi Nukta, maana mkono haujapona na mkuu ni mkuu. Ila sasa muhtasari ukitoka anawasomea kwa sauti, anauliza ni maneno ya nani, na vitambulisho vya kwenye simu anasema havionekani vizuri. Nina kazi tena. Bi Nukta mwenyewe hakubadilika. Pole aliendelea kuzijibu kwa sawa, anapanda, anashuka.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi kabla ya watu, akaja dukani. Hakuwahi kuja mwenyewe, miaka kumi na tisa yote. Akaweka karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa imekunjwa mara mbili.

Nikaangalia nyuma yake kama kuna mtu kamleta. Hakukuwa na mtu. Nikaikunjua: cheti cha kifo, jina la mdogo wake, tarehe, muhuri.

Nikaizima mashine ukutani.

"Imekwama," nikasema.

"Itachukua muda gani?"

"Sijui. Kaa."

Akakaa kwenye benchi, mahali palepale alipokuwa amekaa bibi. Akakibandua kile kidude kifuani, akakizima, akakitia mkobani. Nikatafuta bisibisi ya mume wangu, nikatoa skrubu ya kwanza ya mfuniko. Mkuu wa ofisi alipita, akamsalimia, akamwambia watu wa saa mbili wamefika. Nikamjibu mimi kwamba anasubiri nakala. Akapanda. Nikatoa skrubu ya pili, nikapuliza vumbi. Mahali pa jibu lake pale ingechorwa mistari mingapi, sijui, sikuhesabu.

"Chumba chake sijakifungua," akasema mwishowe. "Tangu siku ile. Napita mlangoni, nakwenda kulala."

Sikumwambia pole. Nikashika skrubu ya tatu.

"Endelea," nikamwambia. "Mashine bado."